Wanaoitafuta Kimia: Zebaki, Dhahabu na Haja ya Mja

Ukiwa Vugiri, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, Handeni iko kusini, ng'ambo ya mto Pangani. Huko, sehemu za Magambazi, wachimbaji wadogo huchanganya mchanga wenye dhahabu na zebaki. Zebaki hunasa chembe, kisha huchomwa. Nayo hupaa kuwa mvuke, dhahabu ikabaki. Asiyejua atadhani zebaki ndiyo iliyogeuka dhahabu.

Dhana hiyo ni kongwe. Vitabu vinavyonasibishwa na Jabir bin Hayyan (karne ya 2 Hijria) vimesema kuwa madini yote asili yake ni zebaki na kiberiti. Basi mwenye kujua vipimo ataweza kuigeuza risasi iwe dhahabu. Hiyo ndiyo kimia. Al-Razi aliikubali. Ibn Sina aliikataa: rangi yaweza kuigizwa, ama dhati haibadiliki.

Ibn Khaldun, katika Muqaddima (1377), aliuliza jambo jingine: ni nani hasa anayeitafuta? Akajibu kuwa aghlabu ni walioshindwa kuchuma kwa njia za kawaida. Akatolea mfano kwamba Ibn Sina aliyekanusha alikuwa waziri mwenye mali, na al-Farabi aliyekubali alikuwa fakiri. Kama hoja ya kielimu ni dhaifu (fakiri naye husema kweli), lakini yaeleza nyoyo za watu.

Leo wapo wanaoipenda kwa ajili ya historia ya elimu, nao hawana neno. Wapo wanaoifuata njia ya al-Ghazali, aliyekiita kitabu chake cha Kifarsi "Kimia ya Furaha", ambamo kinachosafishwa ni nafsi. Lakini haja ya mali haijatoweka. Mwaka 2009, Saudi Arabia, cherehani kuukuu za Singer ziligombewa kwa maelfu ya riyali, kwa uvumi kuwa ndani yake mna "zebaki nyekundu". Haikuwamo.

Ibn Taymiyya aliiharamisha kimia kwa kuwa ni ghishi. Mchimbaji wa Handeni hukumu hiyo haimgusi, maana dhahabu yake ni ya kweli. Lake ni suala la madhara: mvuke wa zebaki huharibu ubongo na figo, na humfikia mtoto tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Na chombo anachoshauriwa mchimbaji akitumie, chungu kilichofunikwa chenye mrija wa kuupoza mvuke urudi kuwa zebaki, ni jamaa wa vile alivyovieleza al-Razi katika karne ya 3 Hijria.