Mwalimu wa Leja: Chuo cha Ushirika Kilivyofika Mohoro

Tarehe 4 Agosti 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro, kwenye boma lao la Rufiji. Habari ya maji yake ya dawa kila aliyepita shule anaijua, na waliosoma fasihi wanaikumbuka kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein. Kisichotajwa sana ni kwamba vita vile vya Maji Maji vilikuwa pia ugomvi wa hesabu. Mwaka 1902 Gavana von Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya pamoja: watu walime kwa amri chini ya majumbe, kisha mapato yagawanywe kati ya walimaji, majumbe na hazina ya wilaya. Wilayani Dar es Salaam, msimu wa 1903/04 ulipokwisha, mlimaji aliwekewa kiganjani senti 35 kwa jasho la mwaka mzima. Wapo waliokataa kuzipokea. Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba shambani, na kusini yote ikawaka.

Naanzia Mohoro kwa makusudi, ingawa taasisi ninayoikumbuka iko mbali na hapo, chini ya Mlima Kilimanjaro. Ni Chuo cha Ushirika Moshi, kilichofunguliwa Januari 1963 na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Kumbukumbu za vyuo hupenda kupanga sheria na majina ya waheshimiwa. Mimi namtaka mtu mwingine mbele: mwalimu wa hesabu, yule wa chaki, rula na leja, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mkulima haambiwi tena senti 35 bila maelezo.

Ushirika ulimtangulia. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ikaandikishwa mwaka uliofuata. Vyama vilikuwepo, kahawa na pamba zilikuwepo. Waliokosekana ni watunza hesabu. Aliyetaka elimu ya ushirika ya kueleweka ilimbidi avuke bahari. Paul Bomani wa Usukumani na George Kahama wa Bukoba wote wawili walipelekwa Loughborough, Uingereza, katika miaka ya 1950. Ni safari ndefu kwa somo ambalo kiini chake ni kujumlisha na kutoa, tena kwa uaminifu.

Njia nyingine ilipitia jeshini. Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Afrika Mashariki lilikuwa na kikosi chake cha elimu, na Jeanes School ya Kabete, karibu na Nairobi, ilitumika kuwaandaa wakufunzi Waafrika waliowafundisha askari wenzao. Askari wa King's African Rifles (KAR) aliyerudi kutoka Burma akiwa anasoma, anaandika na amezoea kukagua ghala kwa orodha alikuwa mtu adimu kijijini. Haikuwa ajabu kwamba ni Kabete hiyohiyo, mwaka 1952, mafunzo yaliyokuja kuwa Chuo cha Ushirika cha Kenya yalipoanzia. Jeshi na uhasibu vina undugu ambao wasomi wetu hawajaushughulikia vya kutosha: vyote viwili havina subira na mtu anayesema “kama kilo mia hivi”.

Pale Moshi, sheria ya mwaka 1964 ilikipa chuo mamlaka yake, na mwaka huohuo Kituo cha Elimu ya Ushirika kikaanzishwa. Kwangu mimi hicho kituo ndicho moyo wa habari hii. Kilitoa masomo kwa njia ya posta na kufungua matawi mikoani, yaliyokuja kuitwa mabawa, ili katibu wa chama cha msingi asome bila kuacha mzani wake. Wajumbe wa kamati ambao hawakuwahi kukalia dawati walijifunza kusoma taarifa ya mwaka kwa Kiswahili.

Somo lenyewe lilianza na msalaba mkubwa ubaoni, kushoto debiti, kulia krediti. Tuseme mkulima kaleta korosho. Karani anapima, anasoma kwa sauti: “Mzee, kilo zako 87.” Anaandika stakabadhi, nakala kwa mkulima, nakala kitabuni. Korosho zimeingia ghalani, upande mmoja; chama kimekuwa mdeni wa yule mzee, upande wa pili. Akilipwa, fedha zinatoka kwenye kitabu cha fedha na deni linafutika. Mwisho wa mwezi unatengeneza urari, na pande mbili zikipishana hata kwa shilingi moja, hulali. Wanafunzi walidhani ni ukali. Mwalimu alijua kwamba shilingi inayopotea ni ya mtu, na mtu huyo ana jina kwenye stakabadhi.

Mwalimu wa namna hii alikuwa mtumishi wa mshahara mdogo na baba wa watoto wengi: wake mwenyewe, wa kaka yake, na wa jirani aliyekosa ada. Mitihani aliisahihishia nyumbani kwenye meza ya kulia, na watoto wake walijua maana ya mizania kabla ya kujua maana ya benki.

Kazi yake haikuzuia wizi, tusidanganyane. Kamati ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta vyama vyenye ubadhirifu, siasa kupita kiasi na watumishi wasiojua kazi. Halafu Mei 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu, vijiji vikageuzwa kuwa vyama, mazao yakakabidhiwa mamlaka zake. Watu wa Rufiji walikuwa wamekwishahamishwa kutoka bondeni baada ya mafuriko ya 1968. Sasa na ushirika wao ukahamishwa. Vyama viliporudishwa kwa sheria ya 1982, ilibidi watu wafundishwe tena somo la msalaba ubaoni, mara nyingi na wazee walewale.

Mwaka 2004 chuo kiliingia chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Shahada zimeongezeka. Nisichopenda ni jinsi sifa zote zinavyokwenda kwenye shahada hizo, na bawa la mkoani likitajwa kwa aya moja.

Siku hizi korosho na ufuta wa Rufiji, iliko Mohoro, na wa Kibiti huenda ghalani kwa stakabadhi kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, chama kikuu CORECU kinasimamia, mnada unafanyika na fedha zinaingia benki. Bei unaipata kwenye simu. Makato ndiyo yenye maneno: ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, usafiri, magunia, sehemu ya chama. Katibu wa AMCOS husimama kwenye mkutano mkuu na kuyasoma moja moja, na wanachama wa ukanda huu si wapole. Atauliza mmoja nyuma kabisa, “Na hiyo ya magunia, mwanangu, mbona iko mara mbili?” Katibu aliyefundwa vizuri hakasiriki. Anafungua leja, anatafuta ukurasa, na mkutano unasubiri.