Elimu Haikuuliza Kabila: Somo la Baghdad na Bagamoyo kwa Mbulu na Hanang

Mwenye kusafiri kutoka Katesh, chini ya Mlima Hanang, mpaka Dongobesh na bonde la Yaeda wilayani Mbulu, atapita katikati ya lugha zisizo na udugu: Kiiraqw, Kidatoga cha Wabarbaig, Kinyaturu, na Kihadza ambacho wataalamu hawajakipatia ndugu popote duniani. Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anatufahamisha katika Suratur Rum, aya ya 22, kwamba kutofautiana kwa lugha na rangi zetu ni miongoni mwa Ishara Zake, na kwamba Ishara hizo ni kwa wenye elimu. Basi tujiulize, ndugu zangu maimamu na wanafunzi: je, darsa zetu zinazisoma Ishara hizi, au tunazipita tu?

Wema waliotutangulia walizisoma. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa muda wa nusu mwezi. Ata bin Abi Rabah, mtu mweusi aliyekuwa mawla, alikuwa mufti wa Makka. Sibawayhi, aliyeandika kitabu kikuu cha nahau ya Kiarabu, alikuwa Mfursi. Huko Baghdad, karne ya 9 Miladia, vitabu vya tiba vya Wayunani vilifasiriwa na Hunayn bin Ishaq, naye alikuwa Mkristo. Al-Biruni alijifunza Kisanskriti ili aandike juu ya watu wa India kwa uadilifu, na kitabu chake kilikamilika yapata mwaka 1030.

Huenda mtu akasema: hayo ni ya Baghdad, sisi yanatuhusu nini? Jibu liko karibu. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka Kongo. Alisoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa Qadiriyya, na watu waungwana wakakaa mbele yake kusoma. Alifariki mwaka 1931. Kule Lamu, Habib Saleh (aliyefariki 1935) aliwafungulia darsa watu wa asili ya utumwa na wa bara, ambao wakubwa wa mji hawakupenda wafundishwe. Kutokana na darsa hizo ukasimama Msikiti wa Riyadha, ambao wanafunzi wake wameenea Afrika Mashariki yote.

Lakini tusichanganye mambo. Wanavyuoni hao hawakuchukua ibada zao kwa Wayunani wala kwa Wahindi. Itikadi na ibada zilibaki kwenye Qur'ani na Sunna. Walichopokea kwa kila mtu ni tiba, hesabu, nyota na khabari za mataifa. Mpaka huo ukieleweka, hofu inaondoka.

Kwa Mbulu na Hanang, kufufua mwendo huu hakuhitaji majumba. Kwanza, mwalimu wa madrasa ajifunze lugha ya jirani zake, na muhtasari wa mawaidha ufasiriwe kwa Kiiraqw au Kidatoga palipo na haja. Pili, ratiba ya darsa imzingatie mtoto wa mfugaji anayehama na ng'ombe kutafuta malisho, asihesabiwe mtoro. Tatu, mwalimu wa hesabu au mganga wa hospitali asiye Muislamu asikataliwe kufundisha fani yake kwa sababu ya dini yake.

Tukiyaacha haya, hasara ni yetu. Lau Bagamoyo ingemtazama Yahya kwa utumwa wake tu, ingemkosa sheikh wake. Nani ajuaye ni mwanachuoni gani leo anachunga ng'ombe katika nyanda za Basotu, akingojea mtu wa kumwambia kwa lugha ya mama yake: karibu, kaa, usome?

Wabillahi tawfiq.