Siku Majoho Yalipofika Ikulu

Oktoba 22 mwaka huu itatimia miaka 60 tangu wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, waandamane hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Ilikuwa Jumamosi. Walitoka chuoni Mlimani wakiwa wasomi wa taifa changa, wanalipiwa kila kitu na serikali, na hawakurudi kuendelea na masomo mwaka ule. Walisindikizwa na polisi kufungasha virago, kisha wakapelekwa makwao, kila mmoja kijijini kwake. Nimepita Mlimani mara nyingi na sijaona kibao kinachoikumbuka siku ile.

Naiandika habari hii Julai, bila kuingoja Oktoba, kwa sababu Julai ndio mwezi wa matokeo ya kidato cha sita. Katika nyumba nyingi swali moja linazunguka mezani: huyu mtoto akifaulu, nani atamlipia? Serikali imelijibu swali hilo kwa namna tofauti tangu uhuru, na kila jibu lilikuwa na masharti yake. Lakini hakuna siku masharti hayo yaliposemwa hadharani, uso kwa uso, kama siku ile ya mwaka 1966.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba uhuru uliikuta nchi na wahandisi 2 na madaktari 12. Shule zenye kidato cha tano na cha sita zilikuwa za kuhesabu: Tabora, Pugu, Mkwawa na nyingine chache. Kijana aliyepita huko akapata prinsipo zake katika mtihani uliotungwa Cambridge hakuhitaji kuuliza nani atamlipia. Serikali ilibeba ada, malazi, chakula, vitabu na nauli. Naye alitia saini kuitumikia serikali miaka 5 baada ya kuhitimu. Kwa wakati ule sahihi hiyo haikumtisha mtu. Ajira ilikuwa inamsubiri, pamoja na nyumba na pengine mkopo wa gari.

Mzee niliyemtegemea kwa sehemu kubwa ya makala haya alikuwa mwaka wa pili wakati huo. Ni mwalimu mstaafu wa sekondari, ameniomba nisimtaje jina, na nilipompa shikamoo alinikalisha barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Anasema kosa kubwa la wanaosimulia mgomo ule ni kudhani wanafunzi walikuwa wanakimbia gwanda na kwata. Kwake yeye ugomvi ulikuwa juu ya bei: serikali inamsomesha mtu, je, inamdai nini, na kwa muda gani?

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilikuwepo tangu 1963, likipokea vijana wa kujitolea, hasa waliomaliza shule ya msingi au waliokosa hata hiyo. Wasomi hawakuonekana huko. Serikali ilianza kukereka kwamba wale waliogharimiwa zaidi na wakulima ndio waliokuwa mbali zaidi na jembe. Ndipo mwaka 1966 ukaja mpango, Makamu wa Pili wa Rais Rashidi Kawawa akiwa msukumaji wake mkuu, kwamba kila anayehitimu kidato cha sita, chuo kikuu au vyuo vingine vya juu atumikie JKT kwa lazima miaka 2. Miezi ya mwanzo angekaa kambini. Muda uliobaki angefanya kazi yake ya kawaida, ila angelipwa asilimia 40 tu ya mshahara.

Hiyo asilimia 40 ndiyo iliyowasha moto. Mzee wangu anaieleza hivi: ndugu zao huko nyumbani walikuwa wameuza ng'ombe na kahawa ili wavuke sekondari, na wote walikuwa wanahesabu miezi hadi mshahara wa kwanza. Mdogo wake alikuwa anangoja ada, mama yake anangoja bati. Halafu vijana wakitazama juu wanawaona mawaziri na wabunge ambao mishahara yao haikuguswa. Wakauliza, kujitoa kunawahusu wanafunzi peke yao? Swali halikuwa la kipuuzi, na Mwalimu mwenyewe hakuliona la kipuuzi, kama tutakavyoona.

Tatizo lilikuwa namna walivyoliuliza. Waliandamana katika majoho, vazi la kigeni linalowatenga na wanaowatazama barabarani. Walibeba mabango, na mojawapo lilisema afadhali ukoloni. Miaka 5 tu baada ya uhuru, katika jiji lililojaa wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini, kijana anayelishwa na serikali ya Kiafrika anaandika kwamba ukoloni ulikuwa afadhali! Mzee anasema yeye hakulibeba bango hilo, lakini alitembea nyuma yake na hakulishusha, na hadi leo hilo ndilo linalomchoma.

Ikulu walipokelewa na Rais mwenyewe na mawaziri wake. Kiongozi wao akasoma tamko. Maana yake, kwa ufupi, ni kwamba masharti yasipobadilika wangekwenda JKT kwa miili, lakini roho zingebaki nje, na vita kati ya wasomi na wanasiasa vingeendelea. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Kumbuka kwamba pamoja na urais alikuwa pia Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Dar es Salaam ilikuwa sehemu yake. Kwa hiyo vijana wale walikuwa wanamwambia maneno hayo rais wao, mkuu wa chuo chao na mlipa ada wao kwa wakati mmoja.

Alianza kwa utulivu. Akasema amelipokea sharti lao, na kwamba hatamchukua JKT mtu yeyote ambaye roho yake haimo. Sauti ikapanda alipofika kwenye mishahara. Akawaambia wana haki: mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, wa kwake ukiwamo, shilingi 5,000 kwa mwezi, na kwamba wote waliomo humo, wao na yeye, ni wa tabaka linaloishi juu ya migongo ya wengine. Hapo hapo akatangaza kuukata mshahara wake kwa asilimia 20. Kisha akawaambia waende nyumbani.

Mzee anasema baadhi yao hawakuelewa. Walidhani nyumbani ni mabwenini. Waliposhuka Mlimani tena, safari hii ndani ya magari ya polisi na masanduku yao, ndipo ilipowaingia akilini. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wa Kitanzania pale chuoni walikuwa wamefukuzwa kwa mchana mmoja. Wakenya na Waganda walibaki madarasani wakitazama viti vitupu. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwa Samuel Sitta, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Mawaziri na maofisa wa juu nao walikatwa mishahara. TANU ikaitisha maandamano nchi nzima kumuunga mkono Rais. Kwa mzee, safari ya kurudi kwao Nyanda za Juu Kusini ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri, na baba yake, ambaye hakujua kusoma, alimuuliza neno moja tu: ulimtukana Nyerere? Alilima mahindi mwaka ule. Mwaka 1967, baada ya kuandika barua ya kuomba radhi, alirudishwa chuoni pamoja na wenzake wengi. Kati ya kufukuzwa na kurudi kwao nchi ilikuwa imepata Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi uliofuata Elimu ya Kujitegemea. Wako wanaoamini kwamba mchana ule Ikulu uliliharakisha Azimio. Waandishi wa wasifu mkubwa wa Nyerere uliotoka mwaka 2020, Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, wameandika juu ya enzi hiyo kwa kina, na anayetaka kupima hoja hiyo aanzie kwao. Mimi nakubaliana na mzee wangu kwa hili: siku ile serikali ilisema wazi kwamba fedha ya kusomeshea mtu ni ya mkulima, na mkulima ana haki ya kudai.

Baada ya hapo madai yakawa mazito zaidi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kidato cha sita peke yake hakimfikishi mtu chuo kikuu. Amalize JKT, afanye kazi walau miaka 2, kisha apate pendekezo la mwajiri na la tawi la chama. Mwaka 1976 wasichana walisamehewa sharti la kazi baada ya idadi yao chuoni kushuka. Kwa wavulana kufaulu mtihani, ambao sasa ulikuwa chini ya Baraza la Mitihani lililoundwa 1973, kulikuwa nusu ya safari. Nusu nyingine ilikuwa mikononi mwa katibu wa tawi. Wapo waliozuiwa kwa sababu zisizohusu masomo, na wapo wakulima na makarani waliopata nafasi ambayo alama zao za ujanani zisingewapa. Sharti hilo lililegezwa polepole miaka ya 1980.

Miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na JKT ya lazima ikasitishwa 1994. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Tangu hapo mwanafunzi haitwi tena aliyesomeshwa na serikali, anaitwa mnufaika, na deni lake humfuata kwenye kila hati ya mshahara, asilimia 15 tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016. Mwaka 2021 Rais Samia aliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na wengi walishusha pumzi. Msamiati wa vijana umebadilika pia: leo husikii mtu akisema udhamini, unasikia bumu, yaani fedha ya kujikimu, limetoka au halijatoka, na jina lipo awamu ya kwanza au ya pili.

Udhamini kamili usiodai kurejeshwa ulirudi mwaka wa masomo 2022/23. Unaitwa Samia Skolashipu. Mwaka wa kwanza ulitengewa shilingi bilioni 3 kwa wanafunzi 640 waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo ya sayansi, na waliopata nafasi ya kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Ada yote inalipwa, pamoja na chakula, malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo. Mwaka huo huo ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa pia. Kwa mtoto wa sayansi, wa PCM au PCB, anayekesha prepo, sharti sasa ni moja na halina katibu wa tawi: alama. Apate wani ya tatu, pointi ambazo hakuna aliye juu yake, au awe karibu sana na hapo.

Naliheshimu sharti hilo, kwa sababu haliangalii baba yako ni nani. Lakini linaangalia, bila kusema, shule uliyosoma. Enzi zake Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara 3, wazazi wakachangishwa mchanga na matofali, na ninazijua maabara ambazo hadi leo ni kuta, meza na kabati tupu. Mtoto aliyesoma titresheni ubaoni hawezi kushindana na aliyeshika bureti tangu kidato cha kwanza. Tena yule wa historia na lugha, wa HGL au HKL, hata awe na A tatu, mlango huu haumhusu. Nchi iliyomhitaji mwanasheria hata ikamfungulia chuo cha kwanza ndani ya jengo la chama sasa inamwambia mwanafunzi wa historia akakope. Hilo linaniuma, na sioni kwa nini bilioni nyingine chache zisitafutwe kwa ajili yake.

Mzee naye ana manung'uniko yake, na ni tofauti na yangu. Anasema sharti la alama linamdai mtoto kitu ambacho ameshakitoa. Akishafaulu, hadaiwi tena chochote na aliyemlipia, hata mwezi mmoja wa kufundisha kijijini. Nilimkumbusha kwamba JKT kwa mujibu wa sheria ilirejeshwa 2013. Akacheka, akasema anajua, kwa sababu mjukuu wake yuko kambini Ruvu sasa hivi. Amesoma PCB katika shule ya wasichana ya serikali, anataka udaktari, na matokeo yatamkuta huko huko akiwa na gwanda. Kambini hana simu, kwa hiyo namba yake ya mtihani ameiacha kwa babu. Mzee ameiandika kwa kalamu ya wino nyuma ya kalenda ya ukutani, kwa mwandiko wa ubaoni, na kila asubuhi anamwomba kijana wa jirani amfungulie tovuti ya Baraza la Mitihani.