Amri Mfuatano za Utenzambali: Istilahi Moja na Mashine Inayochoma Chipu

Amri mfuatano za utenzambali ni maagizo mafupi ya maandishi ambayo kompyuta huyapeleka, biti moja baada ya nyingine katika waya mmoja, kwa mashine inayojiendesha, ili mashine hiyo ifanye kazi ambayo vinginevyo ingengoja fundi abonyeze vitufe vyake. Makala haya yanaichambua istilahi hiyo kupitia mashine ya aina moja, yaani ile inayochukua chipu tupu za kumbukumbu kutoka katika mrija wa plastiki, ikaziweka kwenye soketi moja moja, ikaziandikia programu, ikahakiki kilichoandikwa, ikabandika lebo, na mwisho ikatenga nzima na mbovu. Mashine hiyo inafaa kwa uchambuzi kwa sababu matokeo ya amri zake huishia katika maneno yanayosomeka: lebo ikishabandikwa mgongoni mwa chipu, anayeipokea hana njia nyepesi ya kujua kilichomo ndani isipokuwa kuamini kilichochapwa juu.

Kitenzi ambacho mafundi hukitumia kwa kazi ya kuandika programu ndani ya chipu ni kuchoma, na ingawa leo kinasikika kama msemo wa karakana tu, asili yake ni ya kweli. Kumbukumbu ya kuandikwa mara moja ilibuniwa mwaka 1956 na Wen Tsing Chow, mhandisi wa kampuni ya American Bosch Arma nchini Marekani, kwa ajili ya kompyuta ya kombora la Atlas, na katika chipu za ukoo huo zilizofuata kila biti ilikuwa uzi mwembamba ambao mkondo mkali wa umeme uliukata kwa joto, kama fyuzi inavyoungua. Mwaka 1971 Dov Frohman wa kampuni ya Intel alileta EPROM, chipu ambayo haiunguzwi bali hunasa chaji za umeme, na ambayo yaliyomo hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno unaopenya kwenye kidirisha cha kwatzi kilicho mgongoni mwake. Moto ulikwisha zimika, lakini neno kuchoma likabaki. EPROM ya kwanza, iliyoitwa 1702, ilibeba biti 2,048 tu, sawa na baiti 256, na kidirisha chake ndicho kilichoifanya lebo kuwa sehemu ya kazi yenyewe, kwa kuwa karatasi inayobandikwa hapo ina majukumu mawili kwa pamoja: hutaja jina na toleo la programu, na huuzuia mwanga wa jua usije ukaifuta programu hiyo polepole.

Neno la kwanza linalohitaji kupimwa katika istilahi hii ni mfuatano. Data hupelekwa kwa waya kwa namna mbili. Katika njia sambamba, biti nane za herufi moja husafiri pamoja katika waya nane, kama watu wanaotembea bega kwa bega. Katika njia ya pili, biti hizo hupita katika waya mmoja, kila moja ikingoja iliyotangulia ipite. Wapo wanaoiita njia hii ya pili mfululizo, lakini neno hilo lina kasoro, kwani anayesema mvua imenyesha siku tatu mfululizo anakusudia kwamba hapakuwa na mwanya kati ya siku na siku, ilhali katika mawasiliano haya mwanya baina ya herufi na herufi unaruhusiwa, na pengine huwa mrefu kuliko herufi zenyewe. Kinachodumishwa ni mpangilio wa ipi inatangulia na ipi inafuata, na hilo ndilo linalobebwa na mfuatano.

Kanuni iliyotawala njia hiyo kwa miongo mingi ni RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960, ambamo, kwa toleo lake lililoenea, biti ya 1 huwakilishwa na volti kati ya hasi 3 na hasi 15, na biti ya 0 na volti kati ya chanya 3 na chanya 15, huku laini isiyo na ujumbe ikikaa katika hali ya 1. Kompyuta ikipeleka herufi P, ambayo katika msimbo wa ASCII ni namba 80, laini hugeuka kwanza kuwa 0, na hiyo ndiyo biti ya mwanzo inayoizindua mashine; hufuata biti nane kuanzia ile yenye thamani ndogo, yaani 0, 0, 0, 0, 1, 0, 1, 0; kisha laini hurudi kwenye 1, ambayo ni biti ya kikomo. Kwa kasi ya baudi 9600, kipimo kilichopewa jina la Émile Baudot, mhandisi wa simu ya maandishi wa Ufaransa, kila biti hudumu takriban mikrosekunde 104, hivyo biti hizo kumi humalizika kwa muda unaozidi milisekunde moja kidogo tu.

Neno la pili ni mbali, nalo hupotosha kwa wepesi, kwa sababu kompyuta na mashine mara nyingi hukaa chumba kimoja, na kebo ya RS-232 kwa desturi haizidi mita 15 hivi. Umbali unaokusudiwa si wa mita bali wa mamlaka, maana uwezo wa kuamua nini kifanywe umeondolewa kwenye vitufe vya mashine ukawekwa pengine. Katika mashine ya kuchoma chipu ya 29B, iliyotengenezwa na kampuni ya Data I/O ya Redmond, jimbo la Washington, jambo hili lina alama yake dhahiri, kwani mojawapo ya amri zake ni herufi Z, ambayo kazi yake ni kuufunga utawala wa kompyuta na kuvirudishia vitufe vya mashine madaraka yake.

Kiswahili kina neno kitenzambali, linalotaja kile kifaa cha mkononi cha kuendeshea televisheni ambacho mitaani huitwa rimoti, na neno hilo limeundwa kwa ustadi, kwa kuwa kutenza ni kumfanya mwingine atende, kama inavyosikika katika usemi wa kumtenza mtu nguvu. Hata hivyo, kiambishi ki- hulifunga neno katika kifaa, na mashine ya kuchoma chipu haina kifaa cha namna hiyo. Ina kebo, na upande wa pili wa kebo kuna programu ya kompyuta. Kinachohitajika ni jina la tendo, na njia ya kulipata imo ndani ya lugha tangu zamani: kama kiongozi anavyozaa uongozi na kinyozi akazaa unyozi, ndivyo kitenzambali kinavyozaa utenzambali.

Neno la tatu, amri, linaonekana jepesi kuliko mengine na ndilo linaloficha mengi. Amri ya kamanda gwarideni hutolewa upande mmoja ikatekelezwa upande wa pili bila neno, lakini amri ya mashine haijakamilika mpaka kitu kirudi katika waya wa pili. Katika 29B herufi B huamuru mashine ikague kama chipu ni tupu, P huamuru ichome, na V huamuru ihakiki, kila amri ikifungwa kwa msimbo 13 wa ASCII, ule wa kurudi mwanzo wa mstari. Nayo mashine hurudisha mojawapo ya alama tatu, yaani > ikiwa kazi imefanyika, F ikiwa imeshindikana, na ? ikiwa amri haikueleweka.

Hapa Kiswahili kina hazina ambayo istilahi inapaswa kuitumia, kwa sababu kinatofautisha kuitika na kujibu. Mtoto akiitwa na mzazi wake huitika kwanza, kwa labeka, abee au naam kulingana na malezi yake, kabla hajajua anatumwa nini. Jibu la alichotumwa huja baadaye, atakaporudi kutoka dukani. Mashine nayo ina tabaka hizo mbili. Amri H ya 29B haifanyi kazi yoyote, na mashine ikiipata hurudisha > basi. Huo ni wito mtupu, na kinachotafutwa ni itikio, ili ijulikane kama upande wa pili yupo anayesikia. Alama ya ? ni itikio lenye kukataa, kwa kuwa mashine imeusikia wito ila haikulipokea neno, sawasawa na wahenga walivyosema usikatae wito, kataa neno. F, kwa upande wake, ni jibu, maana mashine ilielewa, ikajaribu, ikashindwa. Hali ya nne ni ukimya, nao ndio mbaya kuliko zote, kwani haubainishi kama kebo imechomoka, au kasi za baudi hazilingani, au mkono wa mashine umekwama na chipu kati ya mrija na soketi.

Amri peke yake haina cha kuchoma, hivyo programu yenyewe hupita katika laini hiyohiyo. Muundo mmoja uliozoeleka ni Intel HEX, ambamo kila mstari huanza kwa nukta mbili, ikafuata idadi ya baiti, anwani, aina ya mstari, data, na mwisho jumlahakiki, yaani baiti moja ya kukagulia zilizotangulia. Chipu ya 27256 hubeba baiti 32,768. Zikigawanywa baiti 16 kwa mstari hupatikana mistari 2,048, na kwa kuwa kila mstari, pamoja na misimbo miwili ya kuumaliza, una herufi 45, jumla ni herufi 92,160, ambazo kwa baudi 9600 huchukua sekunde 96. Muda huo ungekuwa mzigo kama ungerudiwa kwa kila chipu, na ndiyo sababu mashine huwa na kumbukumbu yake yenyewe, ikapakiwa mara moja na kuchoma chipu nyingi. Mstari wa mwisho wa faili ni :00000001FF, nao unatosha kuonyesha jumlahakiki inavyofanya kazi: baiti 00, 00, 00 na 01 zikijumlishwa hutoa 01, na FF ndiyo inayoongezwa ili baiti ya chini ya jumla iwe 00. Isipokuwa hivyo, kuna biti iliyogeuka njiani.

Baada ya hayo hufika zamu ya lebo, na hapa mpangilio wa amri hugeuka kuwa suala la ukweli. Programu ya kompyuta inayopeleka amri ya kuchoma, kisha ikapeleka amri ya kuchapa lebo bila kungoja >, itabandika lebo safi juu ya chipu iliyoshindwa, na chipu ya namna hiyo ni hasara zaidi kuliko isiyo na lebo, maana isiyo na lebo fundi huitilia shaka akaikagua, ilhali yenye lebo huchomekwa moja kwa moja kwenye kifaa. Kwa sababu hiyohiyo, jumlahakiki inayochapwa kwenye lebo inafaa iwe ile iliyosomwa kutoka ndani ya chipu baada ya kuchomwa, si ile iliyokokotolewa kutoka kwenye faili kabla ya kazi kuanza.

Inaweza kudaiwa kwamba istilahi komandi za siriali za rimoti ingetosha, kwa kuwa ni fupi na fundi ataielewa. Istilahi hiyo haina kosa la kimatamshi. Upungufu wake ni kwamba haijifungui kwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi anayeisikia mara ya kwanza, wala haimsaidii kukisia istilahi nyingine iliyo jirani nayo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, ulivipa majina ya Kiswahili vitu vinavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Vinavyopita ndani ya waya vinahitaji uangalifu huohuo. Katika kazi hiyo chipu, lebo, kebo, soketi na biti hazina haja ya kubadilishwa, kwa kuwa ni vitu vilivyofika na majina yao, lakini kufuatana, kutenza, kuitika na kuhakiki ni mambo ambayo wasemaji wa Kiswahili walikuwa nayo kabla ya mashine, na kuyaazimia majina ni kukopa kilicho nyumbani.

Fasili kamili ya amri mfuatano ya utenzambali, basi, haiishii kwenye agizo linalotoka kwenye kompyuta, bali hujumuisha itikio na jibu linalorudi, na mzunguko wake kwa chipu moja huweza kuandikwa katika mstari mmoja: B inakwenda na > inarudi, P inakwenda na > inarudi, V inakwenda na > inarudi, ndipo lebo ichapwe.