Mozi

Mozi, mwanafalsafa wa China wa karne ya 5 K.K., ndiye aliyeasisi madhehebu yaliyofundisha kuwa yampasa mtu kuwapenda watu wote pasi na kubagua jamaa na mgeni, na kuwa kuishambulia nchi ya wengine ni dhuluma. Wafuasi wake, ambao hawakuitenga akhlaki na hesabu wala mantiki, waliifasili duara kwa masafa yaliyo sawa kutoka kitovuni, na wakabainisha, kwa ustadi wa kustaajabisha, sababu ya nuru ipenyayo tundu dogo kuipindua sura ya mtu: miale ya kichwani hushuka, ya miguuni hupanda. Hazina hiyo, kwa masikitiko, ilipuuzwa karne nyingi, hata wanazuoni wa enzi ya Qing walipoihakiki upya.