Kwa nini wawindaji wetu walibaki na gobori

Wengi wetu tunasema wazee walishika gobori sababu hawakujua kartushi. Hatukubali. Watu wa Rumaliza, kutoka Ujiji, walishaleta bunduki za namna nyingi huku mwambao. Ni Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulioleta mkato: bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu zikakatazwa pamoja na kartushi zake, gumegume na baruti ya kawaida zikaachwa. Askari wa Leopold, wao wakabeba Albini ya milimita 11!

Basi muwindaji akapiga hesabu yake. Kartushi haitengenezwi kijijini. Ikiisha, bunduki ni fimbo tu. Gobori inakula kipande cha chuma, hata kijiwe. Na baruti unaipima mwenyewe: kidogo kwa kanga, nyingi kwa kiboko wa Rusizi (ukizidisha, mtutu unapasuka na vidole vinaenda). Ubaya ni maji. Mvua moja kule Itombwe, baruti inalowa, na nyati hangoji ikauke. Kartushi ya shaba inavumilia.

Porini mtu aliweza kuchagua hivyo. Vitani hapana: Januari 1894, Dhanis alipomvunja Rumaliza, alikuwa na kartushi na mzinga wa Krupp juu yake.