Mtama wa malisho uliochelewa kupandwa: tahadhari kwa wafugaji wa Dar es Salaam

Mvua za masika jijini Dar es Salaam hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Mfugaji anayefika katika maduka ya pembejeo ya Kariakoo kununua mbegu za malisho mwishoni mwa Mei hupanda wakati ardhi imeanza kupoteza unyevu, na zao lake hukua ndani ya kiangazi, majani mabichi yanapokuwa adimu.

Kwa upandaji huo mtama hufaa kuliko mahindi, kwa kuwa huvumilia ukame. Hata hivyo, mtama ulio mchanga, uliodumaa kwa ukame au unaochipua upya baada ya kukatwa huwa na kemikali ambayo tumboni mwa ng'ombe, mbuzi au kondoo hugeuka kuwa sumu ya sianidi. Mnyama mwenye njaa akiula kwa wingi huhema kwa kasi, hutetemeka na kuanguka, na aweza kufa kabla daktari wa mifugo hajafika.

Kwa sababu hiyo, mtama usikatwe kwa ajili ya mifugo kabla ya kufikia urefu wa sentimita 60. Uliodumaa usilishwe ukiwa mbichi. Kuukausha vizuri juani hupunguza sumu hiyo. Majani ya kunde hayana hatari ya namna hii.

Mbegu ya kupanda iliyobaki nayo isichanganywe katika chakula cha mifugo. Aghalabu huwa imetiwa dawa ya wadudu au ya ukungu, na rangi iliyopakwa ndiyo ishara yake.